Askari 78 kabla ya Agosti 27: kupanga na kupaka rangi visanamu vya vita ukiwa visiwani

Januari hutukuta kaskazi imeshakamata, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri, na chini ya kitanda changu mna boksi la visanamu vya kijivu ambavyo mwaka jana nilinuia kuvimaliza vyote. Nilimaliza 11. Sababu naijua: sikuwa na vita maalumu nilivyokuwa nikivitengenezea, nilipaka chochote kilichokuja mkononi, na mvua za masika ziliponikuta sikuwa nimepanga kazi ya kufanya ndani. Mwongozo huu nauandika kwa anayeanza mwaka na boksi kama langu, awe Unguja au Pemba.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: visanamu ni askari wa enzi fulani, wenye urefu wa milimita 28 hivi kutoka unyayoni hadi machoni, wa plastiki, bati au resini. Huja bila ya rangi. Unavikata, unavigundisha, unavipaka kwa brashi, halafu unavipanga mezani na kupigana vita vya kale kwa dadu, futi ya fundi cherehani na kitabu cha sheria. Wako wanaopenda mchezo tu. Mie napenda zaidi zile saa za kupaka.

Hatua ya kwanza: chagua vita vimoja, uhesabu vichwa

Usiende dukani wala mtandaoni kabla hujajua unatengeneza vita gani. Mie nimechagua vita vya Agosti 27, 1896, vilivyopiganwa mbele ya kasri pale Mizingani. Seyyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, alifariki Agosti 25. Siku hiyo hiyo Seyyid Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza mtawala bila ya ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na atoke. Hakutoka. Saa 3 na dakika 2 mizinga ya manowari ikaanza kulia, na kabla ya saa 3 na dakika 45 mambo yalikuwa yamekwisha. Hesabu inayotajwa zaidi ni dakika 38. Upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja, wa manowari iitwayo Thrush.

Nimevichagua kwa sababu uwanja wake naujua kwa miguu. Nikitaka kujua umbali baina ya kasri na bahari, naondoka nyumbani alasiri, nahesabu hatua, narudi kabla ya magharibi. Na wale waliokufa pale ni watu wa mji huu, ambao wengi wao hawakuchorwa na mtu yeyote. Kumpa mmoja wao sura, hata ya milimita tatu, naiona ni kazi yenye maana.

Sasa hesabu. Ndani ya kasri palikuwa na watu wapatao 2,800, wengi wao raia, pamoja na walinzi wa kasri na mamia ya watumishi na watumwa. Nje, upande wa Waingereza, walikuwapo askari 900 wa Kizanzibari na wanamaji 150. Hapo patazame vizuri: pande zote mbili za mtaa ule, wengi walikuwa wenyeji wa hapa hapa. Fanya kisanamu kimoja kiwe badala ya watu 50. Utapata 56 wa kasri, 18 wa askari na 3 wa wanamaji, jumla 77. Hiyo ndiyo orodha ya mwaka. Ukiwa na namba kama hiyo unajua ununue nini, na unajua pia nini usinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Mpemba anaweza kupenda ngome ya Pujini, ile inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, au akatengeneza Waomani waliouzingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia 1696 mpaka wakaitwaa 1698. Hesabu yake ni ile ile: watu wangapi walikuwapo, kisanamu kimoja kiwe badala ya wangapi.

Visanamu vyenyewe tunaagiza nje. Wargames Foundry wa Uingereza wana safu iitwayo Darkest Africa. Jina hilo silipendi, lakini wamo watu wenye vilemba, askari na wabeba bunduki waliochongwa kwa uangalifu. Ukiagiza, agiza mara moja kwa mwaka mzima, pamoja na rangi, maana mzigo mdogo mdogo unamalizikia kwenye gharama za njiani.

Hatua ya pili: gawa mwaka kwa upepo

Kutoka Januari 1 hadi Agosti 27 ni wiki 34. Toa nne za Ramadhani, toa mbili za Idd zote mbili, zinabaki 28. Ukipaka visanamu vitatu kila wiki kwa wiki 26 unapata 78, na wiki mbili za mwisho zinabaki za vitako (vibao vya kusimamia visanamu) na vanishi. Orodha ilikuwa 77. Huyo wa 78 ni Seyyid Khalid mwenyewe. Mwache awe wa mwisho kabisa, mkono wako utakapokuwa umeshazoea.

Vitatu kwa wiki si vingi. Ni saa moja na nusu kwa usiku minne. Lakini kazi hazifanani, na kila msimu una kazi yake.

Kaskazi, Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, ndiyo wakati wa kila kitu cha kupuliza. Gundisha na upulize praima (rangi ya msingi) visanamu vyote 78 ndani ya wiki hizo, hata kama hutavigusa mpaka Julai. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia humo humo, kwa hiyo usiahirishe. Mie simalizii mchana wa funga nikivuta harufu ya rangi. Nikifanya jambo, nafanya baada ya tarawehe, na ni la mikono tu: kukata, kusugua, kugundisha.

Masika yakiingia, Machi hadi Mei, kopo la kupuliza liwekwe kabatini. Hapo ni brashi na dirisha. Kuanzia Juni kipupwe kinaleta hewa kavu na asubuhi nzuri, na hapo ndipo kazi inakwenda mbio.

Ukaguzi wangu mkubwa ni Mwaka Kogwa. Makunduchi wanapooga mwaka, mwishoni mwa Julai, mie nakaa na daftari langu. Daftari ni la kawaida la skuli, ukurasa mmoja una vyumba 78 vilivyopigwa kwa rula, na chumba kinatiwa wino kisanamu kinapokamilika, si kinapoanzwa. Wakati huo vyumba 69 viwe vimejaa. Vikipungua, ninapunguza askari wa kasri kutoka 56 hadi 50 na naendelea kwa roho safi. Mwaka wa Waswahili umeingia, hesabu mpya inaruhusiwa.

Hatua ya tatu: vifaa

Brashi mbili nzuri zinashinda kumi mbovu. Namba 1 na namba 2 za manyoya halisi, zenye ncha inayorudi pamoja ukiilowesha. Namba 0 si lazima; brashi nyembamba sana hukaukiwa na rangi kabla hujafika usoni, khasa feni ikiwa inazunguka. Brashi za duka la vifaa vya skuli zifanye kazi chafu: kuchanganya, kupaka vitako, kusugua kwa brashi kavu, yaani yenye rangi kidogo sana.

Rangi ziwe za akriliki za kuchanganya na maji. Vallejo za Hispania zinakuja kwenye chupa ya tone, na kwa hewa yetu chupa ya tone haikauki upesi kama kopo la kifuniko. Wachoraji wa Tingatinga pale Mji Mkongwe hutumia rangi ya mafuta, na kwa picha zao inang'ara vizuri sana, lakini kwa kisanamu ni nzito: inaziba mikunjo ya kilemba na inachukua kutwa nzima kukauka. Anza na hizi: nyeusi, nyeupe, kahawia iliyokoza, kahawia yenye wekundu, krimu, kaki, nyekundu, damu ya mzee, chungwa, buluu iliyokoza, kijivu, rangi ya chuma na ya shaba.

Sahani ya unyevu utaitengeneza mwenyewe. Chukua kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, tandika sponji ya jikoni iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea mikate. Rangi ikiwekwa juu ya karatasi ile inabaki mbichi mpaka kesho yake. Bila ya hiyo, mchana wa Februari, rangi inaganda ndani ya dakika chache. Wako wanaotia tone la glisarini ya duka la dawa ili rangi ichelewe kukauka. Inasaidia, lakini tone moja tu dogo. Ukizidisha, kisanamu kinabaki kinanata.

Na maji. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu mengi yana chokaa. Ukiyatumia kuzimua rangi ya kivuli, ikikauka unaona ukungu mweupe ndani ya mikunjo na unadhani umekosea rangi. Kinga maji ya mvua wakati wa vuli, yachuje kwa kitambaa, yatie kwenye chupa. Lita mbili zinakutosha mwaka.

Vijiti vya mishkaki usisahau. Utavitumia kwa kila kitu.

Hatua ya nne: kusafisha na kugundisha

Kila kisanamu kina mshono wa kalibu, mstari mwembamba unaopita begani, ubavuni, mara nyingine katikati ya uso. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, kisha pitisha tupa ndogo au msasa laini. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kalibu yanakataa rangi. Kausha kutwa nzima. Plastiki igundishwe kwa gundi ya plastiki. Bati na resini kwa supaglu. Kila kimoja kibandike juu ya kizibo cha chupa ya maji kwa gundi kidogo, ili ushike kizibo na vidole visiguse kisanamu tena.

Hatua ya tano: praima

Toka nje baina ya saa 2 na saa 4 asubuhi, umande umeshaondoka na jua halijawa kali. Panga visanamu sita juu ya ubao. Tikisa kopo dakika mbili kamili kwa saa. Shika umbali wa shubiri moja, anza kupuliza nje ya kisanamu, pita, malizia nje. Mipito mifupi mifupi. Praima ya kijivu ya magari inayouzwa kwa wauza vipuri inafaa kwa bati. Kwa plastiki ijaribu kwanza juu ya kipande cha fremu, ile iliyoshika vipande kabla hujavikata, maana zingine zinaila. Vaa barakoa, na usifanye karibu na kamba ya nguo za watu.

Hatua ya sita: ngozi

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko popote. Maelezo mengi ya kupaka nyuso yameandikwa kwa askari wa Ulaya, na mtu wa kwetu akiyafuata anamalizia kwa kupaka nyuso za Wazanzibari kahawia moja tu, bapa, kama vifungo vya koti. Uso wa kahawia una rangi nyingi ndani yake.

Nenda dirishani asubuhi utazame mgongo wa mkono wako. Kwenye vifundo vya vidole rangi imekoza na ina wekundu. Baina ya vifundo inafunguka kidogo. Ukingoni mwa kidole, panapopigwa na mwanga, pana kitu kama manjano hafifu. Kunja ngumi uone yanavyobadilika. Hivyo ndivyo utakavyopaka.

Paka kwanza kahawia iliyokoza, nyembamba, mara mbili. Isiwe nyeusi, nyeusi inaua uso. Ikikauka, changanya kahawia hiyo na ile yenye wekundu, nusu kwa nusu, upake kila mahali isipokuwa ndani ya macho, chini ya pua, chini ya kidevu na nyuma ya shingo. Mchanganyiko wa tatu uongeze krimu kidogo na kaki kidogo, usitie nyeupe, maana nyeupe inaleta majivu. Huu uguse mgongo wa pua, mashavu, juu ya nyusi, kidevu na ncha za masikio. Wa mwisho, mwangavu zaidi, ni nukta tu: ncha ya pua na kila shavu. Mdomo wa chini upate kahawia iliyochanganywa na damu ya mzee.

Macho hayana haja ya weupe mkubwa. Chora mstari mwembamba wa krimu, katikati nukta ya kahawia iliyokoza. Ukikosea mara mbili, uache uso na kivuli chake. Kwa umbali wa meza jicho lililomo kivulini linaonekana la kweli kuliko jicho lililotolewa nje.

Halafu usirudie rangi hiyo hiyo kwa watu 78. Zanzibar ya 1896 ilikuwa na Wahadimu, Watumbatu, Wangazija, Wamanyema, Washihiri, Wabaluchi, Waarabu na Wahindi. Mie napaka kwa makundi ya watano watano, na kila kundi nabadilisha mchanganyiko wa kwanza: mmoja kahawia tupu, mwengine na tone la nyekundu, mwengine na kaki nyingi. Ukivisimamisha vyote pamoja unauona mji.

Hatua ya saba: kanzu, kilemba na bendera

Kanzu zangu za mwanzo zilikuwa nyeupe pe, na zote zilionekana kama chaki. Nilimpelekea moja fundi cherehani wa mtaani kwetu, mzee anayeshona kanzu tangu mie sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakiweka kisanamu juu ya meza ya cherehani, akavua miwani akakisogeza karibu.

"Huyu kavaa nini, mwanangu?"

"Kanzu, babu."

"Kanzu ikifuliwa mara tatu inakuwa rangi ya tui. Hii yako haijavaliwa."

Nimeifuata tangu siku hiyo. Kitambaa cha watu wengi wa karne ya 19 kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyokuwa ikija na majahazi ya Wamarekani wa Salem, na pamba isiyopaushwa ina ukrimu wake wa asili. Paka kaki hafifu iliyochanganywa na kijivu kwanza. Juu yake krimu, ukiacha mikunjo. Juu ya krimu, krimu na nyeupe kwenye mabega, magoti na ukingo wa mikono. Nyeupe tupu ibaki kwa mikunjo miwili mitatu tu, ile ya juu kabisa. Pindo la chini lipate kahawia nyembamba iliyozimuliwa sana, kwa sababu mtu anatembea na vumbi la njia.

Mlinzi tajiri mpe joho jeusi lenye ukingo wa shaba. Joho jeusi paka buluu iliyokoza na nyeusi, kisha ukingo wa mikunjo uguse kijivu-buluu. Watumishi na watumwa wape vikoi na vifua wazi. Usimvishe kila mtu kilemba na jambia ukaisahau hali ya mamia waliokuwamo ndani ya kasri lile. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali kisheria siku ile. Amri ya kuuondolea uhalali ilitoka Aprili 1897, wakati wa Seyyid Hamoud bin Mohammed.

Kabla hujaamua nguo za askari na wanamaji, tafuta picha. Ipo picha mashuhuri ya wanamaji wa Kiingereza wamesimama na mzinga walioukamata nje ya kasri, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni mahali pazuri pa kukaa asubuhi moja na kalamu ya risasi. Chora unachokiona: mkanda unapita bega gani, suruali inaishia wapi, kofia ya aina gani.

Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, bila ya alama yoyote, na nyekundu ni rangi inayowashinda wengi. Wakitaka kuing'arisha wanatia nyeupe, inageuka waridi. Anza na damu ya mzee bendera nzima. Paka nyekundu juu, mara tatu nyembamba, ukiacha mabonde ya mikunjo. Vilele vya mikunjo vipate nyekundu yenye chungwa. Bendera yenyewe nakata kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya biskuti, ile yenye fedha upande mmoja, kwa sababu inakubali kukunjwa kama inapepea na haijikunjui.

Hatua ya nane: silaha na kivuli

Pita upesi hapa. Chuma: nyeusi kwanza, rangi ya chuma juu yake, makali yaguswe tena. Kitako cha bunduki kahawia, mistari miwili ya kaki kwa urefu wake. Rangi ya kivuli ni kahawia iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi, na tone la sabuni ya vyombo ili iteremke ndani ya mikunjo bila ya kusimama kama dimbwi. Isitumike usoni, uso umeshapata kivuli chake.

Mizinga inataka saa yake peke yake. Ndani ya kasri walikuwa na mizinga miwili ya ratili 12, bunduki za mashine, na mmoja wa shaba wa karne ya 17. Huo wa shaba upake kahawia, shaba, kisha kijani chenye buluu kilichozimuliwa sana kwenye maandishi na pete zake, kama kutu ya chombo cha shaba kilichosahauliwa uani.

Hatua ya tisa: vitako

Mchanga wa pwani ni bure, lakini una chumvi, na chumvi inavuta unyevu chini ya rangi mpaka rangi inabanduka. Uoshe maji matamu mara tatu, uanike juani, uchekeche kwa kung'uto. Kung'uto hilo liwe lako. La jikoni la kuchujia tui liache lilipo. Paka gundi nyeupe juu ya kitako, chovya kwenye mchanga, acha usiku kucha. Kisha kahawia, halafu krimu kwa brashi kavu.

Kwa majani makavu chukua usumba wa nazi, ukate urefu wa nusu sentimita, usimamishe kwa supaglu. Makonyo ya karafuu yaliyokauka yanakuwa magogo na vijiti vilivyovunjika bila ya kupakwa chochote. Mpemba atakuwa nayo uani kwake. Vipande vidogo vya jiwe la matumbawe ni vifusi vya ukuta tayari.

Hatua ya kumi: vanishi

Hili limenigharimu. Mwaka juzi, siku moja ya Aprili, mvua ilikatika alasiri na jua likachomoza. Nikaona fursa, nikapuliza vanishi ya mng'ao mfu (isiyong'ara) juu ya visanamu 12 vilivyonichukua mwezi mzima. Ardhi ilikuwa bado inatoa mvuke. Baada ya robo saa vyote vilikuwa vyeupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na weupe haukutoka. Nyuso zote nilizozipaka zilikuwa nyuma ya ukungu.

Kopo halikuwa na ubaya. Unyevu wa hewa unanaswa ndani ya vanishi inapokauka haraka. Nilivirudisha vingi kwa kupaka vanishi ya kung'ara kwa brashi, nyembamba, ukungu ukazama. Kisha kipupwe kilipoingia nikapaka tena ya mng'ao mfu, kwa brashi vile vile. Viwili havikurudi, nikavipaka upya tangu mwanzo.

Kwa hiyo: vanishi ya kupuliza ni kaskazi kavu na kipupwe tu, asubuhi, na siku tatu nyuma pasiwe na mvua. Ukiwa na shaka tumia ya brashi. Ya kung'ara kwanza kwa ajili ya ugumu, ya mng'ao mfu juu yake kwa ajili ya macho.

Viweke kwenye boksi lenye kifuniko, na vifuko vile vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hewa ya bahari inaingia kila mahali. Na mzee wako akikwambia masanamu hayakai chumba cha kuswalia, muitikie. Boksi lina mahali pengine pa kukaa, na heshima ya nyumba haiuzwi kwa mchezo.

Siku yenyewe

Agosti 27, pangeni meza asubuhi. Kasri kwa maboksi ya viatu yaliyopakwa chokaa, bahari kwa shuka ya buluu. Ndani ya bahari simamisha vijiti vya mishkaki vitatu, virefu, bila ya meli chini yake: hiyo ni milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa bandarini asubuhi ile, na milingoti yake ikabaki juu ya maji mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Mnara wa saa usiubandike kwenye uso wa jumba la Beit al-Ajaib. Ule tuliouzoea, ulioporomoka pamoja na upande wa jumba Disemba 25, 2020, ulikuja baada ya vita.

Anzeni saa 3 na dakika 2. Kila mzunguko uhesabiwe dakika mbili za vita, kwa hiyo mizunguko ni 19. Anayecheza upande wa kasri hatashinda kwa mizinga na asipewe sharti hilo. Kazi yake ni kuwatoa watu: kila kisanamu kinachofika mlango wa nyuma ni watu 50 waliorudi majumbani kwao. Wakitoka 46 kati ya 56, amefanya sawa na historia. Wakizidi, ameshinda. Khalid naye atolewe apelekwe ubalozi mdogo wa Ujerumani, kama alivyofika siku ile.

Mzunguko wa 19 bendera inateremka. Kabla ya kuvirudisha visanamu ndani ya boksi, vipitishe kimoja kimoja dirishani. Utakuta ncha za bunduki na kingo za vilemba zimechubuka kwa kushikwashikwa. Viandike kwenye ukurasa unaofuata wa daftari, na uvirekebishe wiki hiyo hiyo, maana vuli iko njiani na vanishi haitasubiri.